Mzigo Mzito Mpe Nani? Neno Moja la Kiingereza kwenye Njia ya Misafara

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu wa Unyanyembe, walimu wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana: mwangaluka.

Mmeitikia kwa nguvu kuliko nilivyotegemea kwa asubuhi ya Jumamosi. Nawashukuru walioniamini wakaniita, ingawa ni lazima nikiri mapema kwamba nilichoombwa nitakitimiza nusu tu. Barua ya mwaliko ilinitaka nichague neno moja la Kiingereza, la kawaida kabisa, niwaonyeshe lina maana ngapi, ili vijana wetu wa sekondari waelewe kwa nini kukariri kamusi hakutoshi. Nikachagua “load”. Herufi nne tu, nikadhani nitalimaliza kwa jioni moja. Lakini kila nilipojaribu kulitia katika Kiswahili nilijikuta nimerudi hapa hapa Tabora, juu ya njia ya misafara, na neno letu “mzigo” limenikalia kichwani.

Kwa hiyo kusudi langu leo ni kuyaweka maneno hayo mawili kwenye mizani moja. Nitadai kwamba “load” la Mwingereza linaweza kuishi peke yake, bila mtu. “Mzigo” wetu hauwezi. Chini yake daima yupo mtu, na ukitega sikio utajua anayesema ni nani: aliyeubeba, au mwenye mali anayefuata nyuma mikono mitupu. Nina hoja tano. Hazilingani urefu, mnivumilie.

Hoja ya kwanza: neno lililoanza kama njia

Tuanzie Uingereza, tusikae sana. Katika Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa “lād”, na halikuwa na maana ya kitu kizito hata kidogo. Lilimaanisha njia, mwendo, safari. Ni ndugu wa “lead”, yaani kuongoza. Baadaye watu wakaanza kukiita kwa jina la njia kile kitu kinachopitishwa njiani, na mwishowe kitu kikaimeza njia. Leo Mwingereza akitamka “load” hafikirii barabara.

Anafikiria nini? Inategemea kazi yake. Fundi wa umeme anafikiria umeme unaovutwa na mashine zote kwa wakati mmoja. Ukizidi uwezo wa mitambo, sisi tunapata mgao. Askari anafikiria risasi inayoingia kwenye bunduki. Anayefua kwa mashine anafikiria nguo za mkupuo mmoja. Mtu wa kompyuta anangoja ukurasa ufunguke. Na kijana yeyote wa London akitaka kusema “tele” anasema “loads”.

Mnaona kuwa katika maana zote hizo hakuna bega wala shingo. Kiswahili kinapopokea maana hizo hakiziiti mzigo. Bunduki tunaishindilia. Meli na lori tunapakia. Picha tunaipakia mtandaoni na programu tunaipakua, na kitenzi hicho cha pili mama zetu walikuwa nacho jikoni siku nyingi kabla ya intaneti, maana wali nao hupakuliwa. (Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama kupakua programu kunahitaji mwiko. Nilimpa alama.) “Mzigo” tumeuweka akiba kwa jambo jingine.

Hoja ya pili: vitenzi vinavyouzunguka mzigo

“Safari” tumeipata kwa Waarabu, na “bidhaa” pia. “Mzigo” ni wa nyumbani. Wagikuyu wanasema “mũrigo”, Wanyarwanda “umuzigo”. Ni neno la Kibantu, la zamani kuliko msafara wowote wa pembe za ndovu, na kwa sababu ni la zamani limejizungushia familia kubwa ya vitenzi. Hapo ndipo penye utajiri wenyewe, naomba tukae kidogo.

Mzigo hutwikwa, na anayemtwika mwenzake amesimama pembeni. Mtu akijitwika, ameukubali kwa hiari. Ndiyo maana mtu anamtwika mwenzake lawama, lakini hujitwika wajibu. Angalieni irabu moja na konsonanti moja, yaani “ji”, zinavyotenganisha mnyonge na mwungwana.

Kisha kuna kupagaa, yaani kubeba begani. Kutoka hapo tukampata mpagazi. Na kutoka mzizi huohuo tuna kupagawa: mtu aliyepandwa na pepo amepagawa, pepo amemfanya yeye kuwa bega. Siku hizi vijana wanapagawa kwenye muziki. Sijui kama wanajua kwamba wanalitumia neno la watu waliotembea kutoka hapa hadi Bagamoyo.

Kuna kuchukua, kulikomzaa mchukuzi, yaani mbeba mizigo. Serikali yetu ina Wizara ya Uchukuzi, yenye bandari, reli na viwanja vya ndege. Ukilifuata jina hadi shinani, ni wizara ya kazi ya mchukuzi. Nalipenda sana jina hilo na naomba lisibadilishwe.

Lakini kitenzi kikuu kuliko vyote ni kutua. Kutua ni kuushusha mzigo kutoka kichwani au begani. Mahali pa kutua ni kituo. Katika msafara, kituo kilikuwa pale wapagazi waliposhusha mizigo baada ya mwendo wa siku, wakatafuta maji na kuni. Leo tuna kituo cha afya, kituo cha polisi, kituo cha basi, na ndani ya vyote hivyo bado mtu anashusha kitu alichokuja nacho. Aliyekwisha kutua hutulia. Aliyetulia ana utulivu. Jua nalo hutua, kama limechoka. Mimi nimefundisha sarufi miaka mingi, na sijui lugha nyingine ambayo neno lake la amani ya moyo limetokana waziwazi na kuondoa kitu kizito kichwani.

Hoja ya tatu: Tabora, mahali mizigo ilipobadilisha mabega

Sasa tutoke kwenye sarufi, tutembee. Tarehe 7 Novemba 1857 Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Kazeh, ndani ya Unyanyembe, eneo ambalo leo tunaliita Tabora. Kutoka pwani walikuwa wametumia siku 134. Leo reli kutoka Dar es Salaam ina takriban kilomita 840, na tukichelewa saa tatu tunalalamika.

Msafara ulikuwa na utaratibu, na utaratibu huo ulikuwa ni wa mizigo. Mbele alitangulia kirangozi, amevaa nguo nyekundu. Nyuma yake walifuata wabeba pembe za ndovu, nao ndio waliokuwa na hadhi, ingawa pembe ni nzito kuliko vyote. Walifunga njuga kwenye ncha ili zilie wanapotembea. Halafu wa vitambaa na shanga, halafu wa nyaya za shaba. Kipimo cha kawaida kilikuwa frasila mbili, yaani ratili 70, kama kilo 32 hivi. Robota la nguo lilifungiwa vijiti pembeni ili mpagazi aweze kuliegemeza kwenye mti na kujitwika tena mwenyewe, bila kuinama hadi chini. Pembe kubwa au kasha lililomshinda mtu mmoja lilining’inizwa kwenye mti, likabebwa na wawili: huo ndio mzegazega.

Robota hilo la kubebwa na mpagazi liliitwa mtumba. Naona kina mama wanacheka, wameshafika ninakokwenda. Ndiyo, mitumba. Kamusi za zamani zinalieleza neno hilo kama furushi la nguo lililofungwa tayari kwa mpagazi. Ndani yake ilikuwamo, pamoja na kaniki, ile nguo iliyoitwa merikani, iliyoletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Ilikuwa mpya. Leo mtumba bado unaweza kutoka Marekani, ila nguo zimeshavaliwa na wenyewe. Neno limebaki, upya umetoweka. Njia hii imetuachia mengine: “hongo” ilikuwa ushuru halali wa kupita katika nchi ya mtemi, na “posho” kilikuwa chakula cha mpagazi cha njiani. Maneno hayo yalivyofika yalipo leo yanahitaji mhadhara wake. Na kabla hamjauliza, mhadhara huu hauna posho.

Kwa nini Tabora? Kwa sababu hapa ndipo njia zilipogawana, moja kwenda Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, na hapa mwenye mali alilazimika kutafuta mabega mapya. Mabega yakikosekana, hata mtu mkubwa alikaa. Mwaka 1872, mwandishi wa habari Stanley alipoondoka hapa mwezi Machi, alimwacha David Livingstone kwenye tembe la Kwihara. Livingstone alikaa pale mpaka Agosti. Hakuwa na ugonjwa uliomfunga wala vita haikumzuia peke yake: alikuwa akiwangoja wapagazi kutoka Zanzibar. Miezi mitano mtu ambaye dunia nzima ilikuwa ikimtafuta alisimamishwa na swali moja dogo, nani atabeba?

Nitaje kisa kingine, kwa sababu sijapata kisa kinacholieleza neno hili vizuri zaidi. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, Chuma na Susi, na Jacob Wainwright miongoni mwao, wakauzika moyo wake pale chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaufunga kwa nguo, magome ya mti na turubai la tanga, wakaufungia kwenye mti mrefu ili wabebe watu wawili. Mzegazega. Oktoba walifika hapa Unyanyembe, wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyewashauri wamzike papa hapa. Wakakataa.

Walipoendelea kuelekea pwani, mahali paitwapo Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipite katika nchi yao. Wale watu wakafanya hila. Walifunga mabua ya mtama, wakayavika nguo kama maiti, wakawatuma wenzao warudi nayo Unyanyembe kama wanaokwenda kuzika. Njiani usiku wakayatupa mabua vichakani. Mwili wenyewe wakaufunga upya, mfupi, mnene, kama robota la nguo. Maiti ikawa mtumba. Hakuna aliyeuliza tena, maana mzigo katika njia hii ulikuwa kitu cha kawaida kuliko vyote, kitu ambacho macho hupita juu yake. Februari 1874 walikuwa Bagamoyo. Aprili mwaka huohuo mwili ukazikwa Westminster Abbey.

Mwingereza anakisimulia kisa hiki kama kisa cha uaminifu, na ni kweli. Mimi naona ndani yake ujuzi wa lugha pia. Chuma na Susi walijua kwamba mtu akishaitwa mzigo haonekani tena kuwa mtu. Walilitumia jambo hilo kumheshimu marehemu. Wengine wamelitumia vingine.

Hoja ya nne: ile methali

Mlikuwa mnaingoja. “Mzigo mzito mpe Mnyamwezi.” Nimeisikia bungeni, nimeisikia kwenye mpira, nimeisikia mtu akisukumiwa kazi ambayo wenzake wote wameikwepa.

Ni sifa au ni kejeli? Nasema angalieni kitenzi. “Mpe.” Anayesema “mpe” hajainama. Methali hii imetungwa na mtu aliyesimama, anamwelekeza mtu mwingine aliyesimama, juu ya mtu wa tatu ambaye hajaulizwa. Ni lugha ya mwenye mzigo. Ilizaliwa pwani au njiani, kwenye kinywa cha mtu mwenye mali, na sifa iliyomo ndani yake ni ya kweli, lakini ni sifa inayompunguzia kazi msifiaji.

Hata hivyo sitaki tuishie kwenye kulalamika, kwa sababu Wanyamwezi wenyewe hawakuipokea kama tusi. Wengi wao walikuwa vibarua huru, wanaojadiliana ujira na kuutaka sehemu yake mkononi kabla ya kuondoka. Wasafiri wa karne ya 19 wanasimulia jinsi siku ya kwanza ya safari ilivyokuwa ya mabishano, kila mmoja akiinua mizigo kuipima na kuikimbilia iliyo myepesi. Huyo si mtu anayepewa tu. Kijana ambaye hajawahi kuiona pwani alichekwa kwao kama mtoto. Utani wetu na Wazaramo ulipata nguvu kwenye njia hiyohiyo, na bado unafanya kazi msibani hadi leo. Bibi yangu mzaa mama, aliyezaliwa baada ya reli kufika, alikuwa na jibu lake. Akisikia mtu anasema “mzigo mzito mpe Mnyamwezi”, alimalizia: “Na umlipe.”

(Vijana wa Dar es Salaam siku hizi Marekani wanaiita Unyamwezini. Nimewauliza kwa nini, kila mmoja ana hadithi yake. Nchi ya merikani imekuwa Unyamwezi. Njia hii haiishi vituko.)

Lakini haki inanitaka niseme pia kwamba si kila aliyekuwa chini ya mzigo katika njia hii alijadiliana. Walikuwamo mateka, waliobeba pembe kwenda pwani na wenyewe wakauzwa huko. Mtu huyo alikuwa mbeba mzigo na mzigo kwa wakati mmoja. Jina la Bagamoyo limepewa tafsiri mbili na watu: wengine wanasema ni pale mpagazi alipobwaga moyo, akapumzika, safari imekwisha, wengine wanasema ni pale mtumwa alipouacha moyo wake, hatarudi tena. Sina haja ya kuamua ipi ni sahihi. Natazama tu kwamba mgawanyiko wa tafsiri unapita palepale: inategemea unamsikiliza nani.

Hoja ya tano: mizigo ya sasa

Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na kazi ya upagazi ya safari ndefu ikaanza kufa. Haikufa vizuri. Vita Kuu ya Kwanza iliirudisha kwa mabavu. Mamia ya maelfu ya watu walibebeshwa mizigo ya majeshi, upande wa Wajerumani na upande wa Waingereza na Wabelgiji, na wengi hawakurudi. Kikosi cha wabeba mizigo cha Waingereza, “Carrier Corps”, kilituachia jina la Kariakoo. Kwa hiyo mfanyabiashara anayepiga simu leo kusema “mzigo wangu umeshafika Kariakoo” ametaja mzigo na mbebaji katika sentensi moja bila kujua.

Sikilizeni sentensi hiyo lakini. “Mzigo umefika.” Ni furaha tupu. Mzigo hapo ni mali, faida, ada ya shule. Kwa vijana mzigo ni fedha nyingi pia, na kwa wasanii ni wimbo mpya. (Ipo maana nyingine inayohusu maumbile ya kina dada, ambayo kwa heshima ya wazee waliokaa safu ya mbele naiacha nje.) Kisha msikilize mama mgonjwa anayewaambia wanawe: “Sitaki kuwa mzigo kwenu.” Neno lilelile, huzuni tupu. Kamusi zitaandika maana ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mimi nasema maana ni moja; kinachobadilika ni mahali msemaji aliposimama. Mzigo ukiwa ghalani ni mali. Ukiwa begani ni adha.

Mwishoni mwa 2013 siasa zetu zilipata msamiati mpya: “mawaziri mizigo”. Wananchi waliupenda sana, nami nilicheka kama wengine. Kisarufi ni jambo la ajabu, watu wa ngeli ya “wa” wamefungwa pamoja na vitu vya ngeli ya “mi”. Lakini mara hii msemaji alikuwa chini ya mzigo. Wananchi walikuwa wanasema, tunawabeba. Hapo neno lilitumika kwa haki. Ninapolisikia kinyume chake, mkubwa fulani akisema wazee au watu wenye ulemavu ni mzigo kwa taifa, ninataka kumwuliza shingo yake imeuma tangu lini.

Na katika kaulimbiu zote za serikali nilizopata kuzisikia, moja tu imeandikwa na mtu aliyetazama kichwa cha mbebaji: kumtua mama ndoo kichwani. Hawakusema kuongeza huduma ya maji. Walisema kutua. Maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora, na kila ninapopita bombani namkumbuka aliyelichagua neno hilo.

Tunakokwenda

Reli ya kisasa inajengwa kutoka Makutupora kuja kwetu. Itakapofika, makontena yatapita hapa bila bega lolote kuyagusa, na kwa mara ya kwanza “mzigo” wetu utakuwa karibu sana na “load” la Mwingereza: uzito unaosomwa kwenye skrini. Sijui neno litafanya nini. Linaweza kupoteza mtu wake, kama “lād” ilivyopoteza njia yake.

Kabla ya hapo kuna kazi ya haraka. Wapo wazee mjini hapa waliobeba stesheni kwa miaka 40, na wapo vijana wa mikokoteni na wa baiskeli za mkaa wanaojua majina ya kila namna ya kufunga, kuegemeza, kutwikana na kutua, kwa Kiswahili na kwa Kinyamwezi. Maneno hayo mengi sijayaona kwenye kamusi yoyote. Nimezungumza na walimu wawili walioko humu ukumbini. Wanafunzi wao wataanza kwenda stesheni na sokoni kila Jumamosi na daftari. Nimewapa masharti mawili. Wamwandike mzee jina la kazi yake kama anavyolitaja mwenyewe. Na kabla ya kumwuliza neno lolote, wamsaidie kutua.

Muda wangu umekwisha, Mheshimiwa Mwenyekiti. Nitapokea maswali, na ningeomba tuanze na yule mzee wa nyuma, ambaye amenyoosha mkono tangu nilipoitaja methali.